Fizi: Paa za eterniti na karatasi ya mauzo



Hivi karibuni nilimsindikiza jamaa mmoja kuuza nyumba ya marehemu baba yake. Familia imerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na pesa zingegawanywa kwa ndugu watano. Karatasi iliandikwa vizuri: mipaka ya parsele, mashahidi, sahihi ya chefu. Juu ya paa, hakuna neno. Mnunuzi alisema tu: "Hizi eterniti nitazivunja, niweke manjanja." Watoto walikuwa wakicheza chini yake.

Eterniti ya zamani ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, madini ambayo wenye Kifaransa wanayaita amiante. Mwaustria Ludwig Hatschek alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1901. Wabelgiji wakafungua kiwanda chao Kapelle-op-den-Bos, na baadaye mabamba hayo yakafika Kongo, Rwanda na Burundi: nyumba za watumishi wa serikali, misheni, hospitali, maghala. Sababu zilikuwepo. Hayashiki kutu, hayaungui, na jua likiwaka nyumba haiwi tanuru kama chini ya manjanja. Mzee aliyelala chini ya eterniti alihesabiwa mwenye bahati.

Ubaya wake ulijulikana mapema. Uingereza, mwaka 1924, mfanyakazi wa kiwanda Nellie Kershaw alikufa, mapafu yake yameharibiwa na vumbi la asbesto. Mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru wetu, watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba saratani ya utando wa mapafu iliwapata hata watu waliokaa tu karibu na migodi. Ubelgiji ilingoja mpaka 1998 kupiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake.

Na hapa ndipo panaponikera. Tangu tarehe 23 Novemba 2022, katika jimbo la Flanders, penye kiwanda kile, huwezi kuuza nyumba iliyojengwa kabla ya 2001 bila cheti cha asbesto. Mkaguzi anapita, sampuli zinapimwa maabara. Jirani zetu Rwanda walianza mwaka 2011 mpango wa kuziondoa paa hizo nchi nzima. Sisi tuliachiwa mabamba, cheti hatukuachiwa.

Tena vita vilipita juu yake. Bamba zima, lililotulia, halina hatari kubwa. Hatari ni vumbi la bamba lililovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa kwa risasi. Halina harufu, na ugonjwa unaweza kungoja miaka 20, hata 40. Kwa macho huwezi kutofautisha eterniti yenye asbesto na ile mpya isiyo nayo. Ni darubini ya maabara inayojua. Kama hakuna maabara, ichukulie kuwa ni asbesto: ilowanishe kwa maji, ifungue bila kuipasua, usifagie vumbi kavu, watoto wakae mbali, ifukiwe shimo refu mbali na kisima. Kitambaa mdomoni hakizuii nyuzi hizo. Na ninyi mnaohifadhiwa kwenye majengo ya zamani, msivunje vipande kutengeneza jiko.

Jamaa yangu alimwambia mnunuzi ukweli. Mstari mmoja uliongezwa kwenye karatasi, bei ikashuka. Wadogo zake wawili hawamsemeshi mpaka leo.