Kiti kizuri ni kivuli: Tabu ya watazamaji wa michezo Lodwar na Kakuma

WATAZAMAJI wa michezo mjini Lodwar na kambini Kakuma, Kaunti ya Turkana, wamekuwa wengi kuliko nafasi za kuketi. Kwingineko kiti kizuri hununuliwa kwa tiketi. Huku hupatikana kwa kuwahi.

Uwanjani
Viwanja vingi ni vya udongo na havina majukwaa. Kwa kuwa joto mara nyingi hupita nyuzi 35 za Selsiasi, mahali panapogombewa si karibu na goli bali chini ya mti. Hata hivyo, kivuli huhama. Aliyeketi vyema kipindi cha kwanza huweza kuchomwa na jua kipindi cha pili.

Wazee wa Kiturkana huja na kiti chao, ekicholong, kigoda cha mbao ambacho pia ni mto wa kulalia. Kwa kuwa ni kifupi, walio mbele wakisimama mzee haoni ila migongo.

Sababu za ongezeko
Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka 2016, ina zaidi ya watu 200,000, na zaidi ya nusu yao ni watoto.

Aidha, wakazi wamepata watu wao wa kushangilia. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wanariadha watano kati ya kumi wa timu ya wakimbizi walitoka Kakuma, wakiandaliwa na Tegla Loroupe huko Ngong. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Naye Awer Mabil, aliyezaliwa kambini, aliifungia Australia penalti iliyosaidia kuitoa Peru Juni 2022, kisha akacheza Kombe la Dunia nchini Qatar.

Vibandani
Michezo ya mbali hutazamwa katika vibanda vya video kwa kiingilio. Anayetangulia hupata benchi. Anayechelewa husimama mlangoni, akichungulia juu ya mabega.

Saa nazo huchagua mtazamaji. Sherehe za kufungua michezo ya Rio zilianza saa nane usiku kwa saa za Kenya. Mechi ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri huko huanza saa kumi na moja jioni huku, na majira ya baridi yao saa kumi na mbili, hivyo humalizika giza limekwisha kuingia. Kwa msichana anayeishi mbali, kiti kikipatikana, bado kuna safari ya kurudi nyumbani.

Linalowezekana
Tatizo hili halihitaji uwanja wa mamilioni. Paa la mabati upande wa magharibi wa uwanja hukinga jua la alasiri. Watoto wakiketi chini mbele, wenye vigoda wakifuata na wanaosimama wakabaki nyuma, wote huona. Wenye ulemavu watengewe nafasi kabla ya wageni waalikwa, ambao viti vyao havikosekani kamwe.

Kakuma imewatoa wakimbiaji ulimwengu ukawatazama. Haifai jirani aliyewaona wakianza mbio vumbini akose pa kuketi awatazame.