Vinu vya Pamba na Hifadhi ya Vibarua

Tangu zama za ukoloni, Wasukuma wa Bariadi, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, wameienzi pamba. Na vinuni ilimochambuliwa, mikanda ikizunguka kwa kishindo na vumbi jeupe likitanda hata kwenye kope za watu, ilmu ya kujihadhari mara nyingi ilirithiwa kwa macho tu, mgeni akimtazama mzoefu. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, na baada yake Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, zilimtwika mwajiri dhamana. Walakini kinachouzuia mkono usinaswe na mtambo ni mafunzo yakaririwayo kila msimu, kwa lugha aifahamuyo kibarua, kabla mashine haijawashwa.