Kipimo cha Chombo

Mtu apimaye nafaka kwa kibaba hutazama ukingo. Kibaba kikijaa husimamisha mkono, kwa maana punje zinazozidi haziingii chomboni, bali humwagika. Habari ya insha hii ni ya chombo kilichotiwa maneno pasipo mtu kuutazama ukingo wake.

Lugha ya C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa lugha hiyo, maneno yaingiayo katika kompyuta huja kama mkondo wa herufi. Programu huuteka mkondo na kuuweka katika nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu. Amri moja ya kazi hiyo iliitwa gets. Ilisoma mstari mzima hadi mwisho wake, wala haikuuliza ukubwa wa nafasi. Dada yake, fgets, aliambiwa kipimo kabla ya kuteka. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kuandika, na wepesi una wapenzi wengi.

Aliyetumia gets alimwamini kila aletaye maneno. Tarehe 2 Novemba 1988 imani hiyo ilivunjika. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika intaneti programu iliyojizidisha yenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa fingerd, programu iliyojibu maswali juu ya watu wanaotumia kompyuta. Fingerd ilisoma swali kwa gets, ikiwa na nafasi ya baiti 512. Ikapelekewa 536. Katika kompyuta za VAX, ziada hiyo ya baiti 24 tu ilitosha kufuta anwani iliyoonyesha kazi irudi wapi, na kuandika nyingine mahali pake. Mwenyeji akaanza kutii amri za mgeni. Kompyuta nyingi za vyuo na maabara zikalemewa. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza, saa 400 za kuutumikia umma, na faini ya dola 10,050.

Fingerd ilitengenezwa upesi: gets ikatolewa, fgets ikawekwa. Lakini kanuni ya lugha ya C iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya msiba, iliihifadhi gets. Haikuondolewa mpaka kanuni ya mwaka 2011. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulianguka mbele ya macho ya watu, na ufa ukaachwa miaka 23.

Mahakama ilimhukumu aliyemimina, na ilikuwa haki yake. Historia humwuliza na mpokeaji pia: kwa nini ulipokea bila kupima? Asomaye neno la mgeni na aujue kwanza ukubwa wa chombo chake.