Waliokosa Darasa Unyamwezini

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mji ule uliishi kwa miguu ya wapagazi. Wanyamwezi walishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa na shanga. Njiani kijana alijifunza bei, lugha na adabu za ugenini. Hakuna aliyemdai cheti.

Waingereza walipofungua shule ya serikali Tabora miaka ya 1920, walilenga kwanza watoto wa machifu. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mjini humo kufundisha shule ya St. Mary's, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtoto wa mkulima aliyepitwa na umri wa kuanza shule hakuwa na mlango mwingine.

Mlango huo ulichelewa. Nyerere akiwa rais, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: wanakijiji walikusanyika kwenye redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo lilipimwa kwa shimo, na sijui mtihani mkali kuliko huo.

Lakini mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma aende wapi? Sekondari haikumtaka. Kuanzia 1975, kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga vyuo vya wananchi vya huko, serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mkoa wa Tabora ulipata vyake, kikiwemo cha Sikonge, cha Nzega na cha Urambo.  Huko Urambo, mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walikuwa wameleta matrekta ya mradi wa karanga bila kuwauliza sana wenyeji, na mwaka 1951 mradi ukafa.

Chuo cha maendeleo kilianza kwa utaratibu mwingine kabisa. Kijiji kilichagua mtu wake, mara nyingi mwenye familia tayari, akakae bwenini ajifunze uashi, useremala, kilimo au ushonaji, kisha arudi kukitumikia. Darasa la saba lilitosha, na hakikutolewa cheti cha kumtafutia kazi mjini.

Miaka ya 1990 msaada ulikauka, ada zikaingia. Vijana wakataka vyeti, nao si wa kulaumiwa, maana waajiri walivitaka. Katika miaka ya karibuni vyuo hivi vimewapokea wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito. Husoma sekondari ya miaka minne kwa miwili, pamoja na ufundi, watoto wao wakilelewa hapohapo chuoni. Hilo ni jema kubwa. Lakini anayelipiwa ada na mzazi hana deni kwa kijiji, na kijiji kisichomchagua mwanafunzi hakina sauti juu ya anachofundishwa. Vyuo vimebaki na majengo na mafundi. Wanakijiji waliopaswa kuviongoza hawamo tena.