Sikukuu ya Pangani, Mwaka 1888



Wapendwa wanaparokia, vita vya Abushiri tumezoea kusimuliwa kama habari ya bunduki na manowari. Twasahau kwamba pale Pangani moto wake uliwaka katika siku za sikukuu.

Zama zile Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu, na kando ya mto watumwa walilima mashamba ya miwa. Idd ilipowadia, watu wa mashamba, wapagazi na watumwa waliingia mjini kwa ngoma na maandamano. Mwungwana alijipatia heshima kwa kulisha watu. Naye aliyedharauliwa mwaka mzima alipata siku ya kuvaa vizuri, kucheza mbele ya wenye mji na kudai ahesabiwe miongoni mwao. Sikukuu ile, basi, ilikuwa pia swali: nani ni mtu wa mji huu?

Agosti 1888, kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Khalifa, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitawala pwani. Emil von Zelewski, mwakilishi wake Pangani, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali akakataa. Ndipo askari wa manowari waliposhushwa pwani, siku zilezile za Idd al-Hajj, mji ukiwa umefurika wageni. Wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa, wakimsaka liwali. Sababu nyingine za uasi zilikuwapo: ushuru, ardhi, biashara. Lakini dharau ile watu wote waliiona kwa macho, nao walikuwa wamekusanyika. Septemba, watu wa kampuni walizuiliwa ndani ya nyumba yao Pangani, na Tanga ikapigwa mizinga kutoka baharini.

Hatuyaandiki haya ili kutukuza umwagaji damu. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa na watawa wakauawa. Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo waliwapokea wakimbizi wa vita. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anawatazama wageni karamuni wanavyogombea viti vya mbele, kisha anamwagiza mwenyeji awaalike maskini na vilema. Alijua kwamba karamu hufunua tunavyothaminiana.

Tunapoandaa maandamano ya Ekaristi Takatifu, tujiulize swali la Pangani: ni nani kati yetu hatujamhesabu? Mtumishi wa nyumbani, mchukuzi wa sokoni, mgonjwa asiyeweza kutembea: je, nao wana nafasi, au wanatutazama tu tukipita? Na Idd ya jirani ikifika, tukaitwa, tuende kwa furaha, viatu tuviache mlangoni.