Ufuko Uliosubiri Wilaya Yake

Mtu wa Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, mwenye umri wa miaka 30 alizaliwa Wilaya ya Mbinga na leo yumo Wilaya ya Nyasa, hata kama hajawahi kuhama nyumba. Babu yake alihesabiwa kuwa mtu wa Songea. Na kama wazee wa ukoo wao walibatizwa Kianglikana, basi askofu wao alikaa Likoma, kisiwa cha kilomita za mraba 18 kilichoko ng'ambo ya maji, mbele ya pwani ya Msumbiji. Ukitaka kuijua historia ya ufuko huu, uliza kila kizazi kilipeleka wapi shida zake.

Kisiwa kilichaguliwa kwa hofu. Katika karne ya 19 Wangoni waliotamalaki Songea walikuwa wakishuka kuteka watu na mifugo kando ya ziwa. Wamatengo walipanda milimani, na kwenye miteremko ile mikali wakaukuza ustadi wa ngolo, mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Wampoto na Wanyasa walibaki chini na mitumbwi yao. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana, walipofika mwaka 1885 waliweka kituo Likoma, kwa kuwa vita vya nchi kavu havikuvuka maji kwa urahisi.

Maji nayo yalikuwa na gharama yake. Chauncy Maples, mmoja wa waanzilishi wa kituo, alizama ziwani mwaka 1895, muda mfupi baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu. Meli iliyopewa jina lake ilianza safari mwaka 1901, ikiwa shule, zahanati na kanisa lielealo. Kanisa kuu la mawe lilianza kujengwa kisiwani mwaka 1903. Mwenzake Maples, William Percival Johnson, macho yake yakiwa mabovu, alizunguka vijiji vya ufukoni kwa zaidi ya miaka 40 na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja cha Likoma. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Liuli. Hilo la kaburi si dogo: mtu wa kisiwani alilala kwa watu wa ufukoni.

Wakati huo mpaka ulikuwa umekwisha kuchorwa Ulaya. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 uliwapa Wajerumani ufuko wa mashariki na kuiacha Likoma kwa Waingereza. Askofu alikuwa chini ya bendera moja, waumini wake wengi chini ya nyingine.

Liuli Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba unaofanana na sanamu ile ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, ilitokea ghafla na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alipiga makasia hadi kwa mwenzake akiwa amefura, akamwuliza kama amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Watu wa Liuli, ambao hakuna aliyewauliza neno, waliona vita vikuu vya dunia vikianza mbele ya mitumbwi yao.

Kanisa ndilo lililotangulia kuurudisha uongozi ufukoni. Mwaka 1952 upande wa Tanganyika ulitengwa na Likoma ukawa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, na mwaka 1971 ikazaliwa Dayosisi ya Ruvuma. Serikali ilichelewa zaidi. Mbinga ilipojitenga na Songea, makao ya wilaya yalisogea, lakini yakabaki juu, kwenye nchi ya kahawa. Mvuvi wa Mbamba Bay, chini ufukoni, mwenye shida ya kiserikali aliacha dagaa wake juani na kuupanda mlima kwa barabara ya vumbi, ambayo masika yalipochachamaa iligeuka tope.

Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilikuta humo watu 146,160. Kapteni John Komba, aliyejulikana nchi nzima kwa nyimbo za kikundi cha muziki cha TOT, aliwakilisha ufuko huu bungeni kwa jina la Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo ulifanyika katika jimbo la Nyasa, na Stella Manyanya akashinda. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ilifuata baadaye, kisha ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay.

Kimebaki kitu kimoja ambacho halmashauri haina uwezo nacho. Malawi inaushikilia mkataba ule wa 1890 na kusema mpaka ni ufuko wenyewe. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Mwalimu Nyerere alikabiliana na Rais Kamuzu Banda wa Malawi juu ya jambo hilo mwaka 1967, na utafutaji wa mafuta uliliamsha tena mwaka 2012, mwaka uleule wa wilaya. Marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano walipewa usuluhishi. Kwa hesabu ya Malawi, mvuvi wa Mbamba Bay akishaingiza mtumbwi majini ametoka Wilaya ya Nyasa.