Muuguzi, mama mwenye mimba na picha za hospitali
Kina mama wa makanisa yetu hutuuliza kama radio huharibu mimba. Ekografi haina mionzi; tangu 2016 OMS inashauri kila mama aifanye mara moja kabla ya juma la 24. Radio inayo, kwa hiyo muuguzi huuliza kwanza tarehe ya hedhi ya mwisho. Aulize faraghani, kwani mbele ya mama mkwe wengi hunyamaza. Lakini tusimzuie mama anayekohoa damu kupigwa radio ya kifua: mionzi inayomfikia mtoto haizidi miligrei 0,01, na chini ya 50 madhara kwa maungo yake hayajaonekana. Mimba ikipita juma la 20, muuguzi humwegemeza ubavu wa kushoto. Akilala chali, mshipa mkubwa hubanwa, kizunguzungu kikamshika.